Nina kilo 131 na daktari ameniambia nikatwe tumbo. Naomba tuzungumze hatari zake kabla sijatia sahihi

BintiMkomani (mleta uzi)

Assalam alaykum wanajukwaa. Nina miaka 43, mwalimu wa chekechea hapa Lamu mjini, mama wa watoto watatu. Jambo hili ninalo tangu mfungo uliopita na limenishinda kulibeba peke yangu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa navuka kwenda Mokowe. Nahodha wa boti ni kijana niliyemfundisha a-e-i-o-u. Akanishika mkono kwa adabu zake zote, akaniambia, "Mwalimu, keti hapa kati." Kisha akawaomba abiria wawili wahamie upande wa pili ili chombo kikae sawa. Hakuna aliyecheka wala kusema neno. Nilitazama maji mpaka tukafika, na moyoni nikajua kwamba jibu la daktari nitalitoa mwaka huu.

Urefu wangu ni mita 1.60, kwa hiyo BMI yangu (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ni 51. Kisukari nina mwaka wa 6 nacho, nameza metfomini. Presha ninayo. Kiungulia ninacho. Magoti yamekufa, kutoka nyumbani hadi sokoni nakaa kwenye madaka matatu njiani, na wenye nyumba wameshanizoea, mmoja hunitolea maji kabla sijaomba. Usiku nakoroma halafu pumzi inakatika. Binti yangu wa miaka 16 amehamishia godoro lake chumbani kwangu ili aniamshe ikikatika. Hilo la godoro ndilo linalonitoa machozi.

Msiniambie sijajaribu. Mwaka 2021 niliacha wali, mahamri, halwa na soda kwa miezi 8, nikashuka kilo 17. Zikarudi zote na 6 juu yake, na wakati zinarudi nilikuwa nakula kidogo kuliko watu wote nyumbani.

Daktari wa Nairobi anasema ninafaa kupasuliwa, na amenieleza aina mbili, slivu (kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula) na baipasi (kufanya chakula kiruke kipande cha utumbo). Nimeogopa. Na mama yangu ameniuliza swali ambalo sijaweza kulijibu hadi leo: "Mwanangu, mtu hukatwa kilicho kibovu. Tumbo lako lina kosa gani?"

Wenye ujuzi, waliopitia, waliopoteza mtu, naomba mseme. Msinifiche.

Kaskazi72

Waalaykum salaam dada. Umesema tusikufiche, basi sikufichi. Niko Malindi.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alipasuliwa nje ya nchi. Bei ilikuwa nafuu, kila kitu kimepangwa, ndege, hoteli, hospitali. Operesheni yenyewe ilikwenda vizuri, alitupigia simu siku ya pili anacheka. Siku ya 6 akapanda ndege kurudi. Siku ya 9 akiwa hapa nyumbani akapata homa, moyo unamwenda mbio hata akiwa amelala, na bega la kushoto linamuuma. Tukampeleka hospitali. Wakasema ni gesi, wakampa dawa ya tumbo, tukarudi naye. Ule ulikuwa mshono unaovuja. Ilipogunduliwa sumu ilikuwa imeshaenea tumboni. Alifariki siku ya 13.

Aliyempasua alikuwa nchi nyingine na simu yake ilipokelewa na karani. Waliomwona hapa hawakuwahi kuona mgonjwa wa namna hiyo. Sikwambii usifanye. Nakuuliza tu: siku ya 9 utakuwa wapi?

BintiMkomani

Kaka Kaskazi, Mwenyezi Mungu amrehemu shemeji yako na awape subira. Nimesoma mara tatu. Nilikuwa nimepanga kurudi Lamu siku ya 7 kwa sababu ya shule.

Mpwani_Halisi

Mwalimu, kwa heshima, haya yote ya nini? Punguza kula, tembea asubuhi ufukweni hadi Shela na kurudi. Wazee wetu hawakukatwa matumbo.

BintiMkomani

Kaka Mpwani, najua umesema kwa nia njema. Hadi Shela siwezi kufika, nimeeleza hali ya magoti. Na wazee wetu: shangazi yangu alikuwa na umbo hili hili, alikatwa mguu kwa kisukari akiwa na miaka 55, akafa na 58. Tulisema ni kudra, na ni kudra kweli, lakini hakuna aliyempa nafasi ya kuchagua. Mimi nimepewa.

Muuguzi_wa_Zamu

Bi Mwalimu, nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka 11, kati ya Mombasa na Malindi. Nianze na swali la mama, maana ni swali la maana kuliko mengi ninayoulizwa kazini.

Tumbo halina kosa kwa maana ya kuoza. Ila sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, inaitwa grelini. Mtu akipungua kwa kujinyima, mwili unadhani kuna ukame: grelini inapanda, na mwili unapunguza matumizi ya nguvu. Ndiyo maana kilo zako 17 zilirudi huku unakula kidogo. Kwenye slivu wanaondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko, unabaki bomba lenye umbo la ndizi, na hiyo sehemu ya grelini inaondoka nayo. Kilichokatwa hakirudishwi, hilo lijue. Kwenye baipasi wanatengeneza kijifuko kidogo juu, kiasi cha mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, wanakiunganisha na utumbo wa mbele zaidi ili chakula kiruke kipande cha mwanzo. Homoni za shibe na za sukari zinabadilika ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujashuka. Wagonjwa wa kisukari inabidi dawa zao zipunguzwe wiki hiyo hiyo, vinginevyo sukari inaanguka.

Sasa hatari. Kwenye hospitali zenye uzoefu, wanaofariki ndani ya siku 30 ni kama 1 hadi 3 kwa kila watu 1,000. Watu huogopa kisu na dawa ya usingizi, lakini ninayoyaogopa mimi ni mawili: mshono kuvuja, na damu kuganda miguuni halafu ikapanda kwenye mapafu. Kuvuja ni kama mtu 1 kwa kila 100, na hutokea zaidi wiki za mwanzo. Dalili ni zile zile alizotaja Kaskazi. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji huu mapigo yake yakizidi 120 akiwa amepumzika, asipewe dawa ya gesi. Apigwe picha, aonwe na daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo.

Damu kuganda inaletwa na kukaa bila kutembea. Watakuinua kitandani siku ile ile, na utachomwa sindano za kuzuia damu kuganda, pengine hata ukisharudi nyumbani. Sasa fikiria basi la kutwa nzima kutoka Nairobi au Mombasa hadi Mokowe, magoti yamekunjwa, wiki moja baada ya kupasuliwa.

Jambo la mwisho. Huu upasuaji usichanganywe na kunyonya mafuta kwenye zile kliniki za urembo. Ule ni wa umbo, hautibu kisukari. Watu wanasikia fulani amekufa kliniki wanadhani ni kitu kimoja.

Tanga_la_Jahazi

Na zile sindano za kupunguza uzito? Semaglutaidi. Ndugu yangu Dubai amepungua bila kisu.

Muuguzi_wa_Zamu

Zinafanya kazi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021 ulionyesha watu wamepungua wastani wa karibu 15% kwa wiki 68. Waliosimamisha sindano walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Kwa hiyo ni dawa ya kudumu, na bei yake kila mwezi mnaijua. Tena kabla hujaanza kuitumia inatakiwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika siku mbili utaiweka na barafu ya samaki? Kwa mwenye BMI ya 35 na uwezo wa kununua, ningesema aanze huko. Kwa 51, daktari anaweza kukupa ili ushuke kidogo kabla ya upasuaji. Muulize.

UmmuPacha

Mwalimu, mimi ndiye uliyemwita uliposema "waliopitia". Malindi, slivu, mwaka wa 4 sasa. Nilikuwa kilo 118, nikashuka hadi 83, leo niko 91.

Naanza na mabaya kwa sababu mazuri utayaona kwenye picha za watu. Mwezi wa tatu nywele zilitoka kila nikichana, kitana kizima kinajaa, nikawa nalia bafuni. Zilirudi baadaye. Ngozi ya mikono na tumbo inaning'inia, na hiyo hairudi. Kiungulia sikuwa nacho kabla, sasa nameza dawa kila siku kabla ya kahawa. Wewe umesema kiungulia unacho tayari. Liseme hilo mara mbili kwa daktari, maana slivu huzidisha.

Halafu kuna sinia. Hakuna aliyenitayarisha kwa sinia. Harusi ya kwanza baada ya upasuaji tulikaa wanne, pilau la mbuzi, nikala tonge tatu nikashiba, shibe ya kuuma kifuani kama nimemeza jiwe. Nikaendelea kukaa mkono ukiwa kwenye sinia, nasogeza wali huku na huku ili wenzangu wasije wakaacha kula kwa ajili yangu. Mama mmoja akaninyofolea nyama mfupani akanitilia mbele yangu, "Kula mwanangu, umekonda, una nini?" Nilikula kwa haya. Nikaitapika yote nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo nawaambia watu kabla sijakaa: nina maradhi ya tumbo, daktari amenipimia. Wananiachia.

Kunywa maji na chakula pamoja basi, ni mbalimbali, nusu saa katikati. Vitamini kila siku ya maisha yangu, na damu kupimwa. Mwaka wa 2 nilizembea, nikaona nimepona, madini ya chuma yakashuka hadi nikawa napanda ngazi nashika ukuta.

Mazuri: sina presha. Nasali nimesimama, nasujudu, nainuka. Kwa miaka 6 nilikuwa nasali kwenye kiti.

BintiMkomani

Ummu Pacha, hapo kwenye kusujudu umenimaliza. Na mimi niko kwenye kiti.

Naomba kuuliza kuhusu zile kilo 8 zilizorudi. Unaogopa?

UmmuPacha

Naogopa, ndiyo. Zilirudi kupitia vitu laini: aiskrimu, juisi ya ukwaju yenye sukari, visheti kimoja kimoja na kahawa. Tumbo dogo halizuii kitu kinachoteleza. Nilirudi kwa mtaalamu wa lishe, nikaanza tena samaki kwanza, mboga pili, wanga mwisho kama kuna nafasi. Nimesimama kwenye 91 miezi 7 sasa.

Kaskazi72

Muuguzi, kuna ushahidi wowote kwamba waliopasuliwa wanaishi zaidi? Isije ikawa ni kupungua tu kwa macho ya watu.

Muuguzi_wa_Zamu

Upo. Uswidi walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene uliopindukia: 2,010 walipasuliwa, 2,037 wakapata matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa 2007, baada ya wastani wa karibu miaka 11, ni kwamba wa kawaida walikufa 129 na waliopasuliwa 101. Ndani ya hao 101, watano walikufa ndani ya siku 90 kwa upasuaji wenyewe. Na enzi zile walikuwa wanapasua tumbo wazi, leo ni matundu madogo na kamera.

Kwa kisukari: utafiti huo huo ulionyesha kwamba baada ya miaka 2 kilikuwa kimeondoka kwa 72% ya wagonjwa waliopasuliwa. Kufikia mwaka wa 10 imebaki 36%. Kwa hiyo mtu asikuambie "utapona kisukari" kwa mdomo mpana. Sema utakipunguza nguvu kwa miaka, na kwa wengine kitaondoka kabisa. Anayeanza mapema, kabla ya insulini, ana bahati zaidi.

Na kilo zenyewe: slivu hupunguza kama robo ya uzito wote, baipasi kama 30%. Kwako wewe ina maana utafika 98 au 92, na hiyo ni ukifuata masharti. Hutakuwa binti wa miaka 20. Ukiridhika na 95 inayotembea, endelea kufikiria.

BintiMkomani

Muuguzi, shukrani nyingi. "95 inayotembea", nimeliandika kwenye daftari.

Sasa ndipo nimekwama. Slivu inazidisha kiungulia, nami ninacho. Nikamwambia daktari kwa simu jana, akasema basi tuelekee baipasi. Nikafurahi. Halafu akaniuliza ninatumia dawa gani za magoti. Diklofenaki, karibu kila siku, mwaka wa nne huu. Akanyamaza kidogo. Akasema baada ya baipasi diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za maumivu ni marufuku maisha, zinatoboa vidonda pale walipounganisha. Ibaki parasetamoli.

Mtu ambaye hajaishi na magoti yangu hawezi kujua neno hilo lina uzito gani. Parasetamoli kwangu ni kama maji.

Muuguzi_wa_Zamu

Pole sana. Hapo daktari amekuheshimu, wengine huwa hawaulizi. Kuna mafuta ya kupaka, kuna mazoezi ya magoti, kuna sindano za gotini. Na kila kilo 1 unayopoteza, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Jaribu sasa, kabla ya upasuaji: mwezi mmoja bila diklofenaki, uone kama unaweza. Ukishindwa utajua mapema, na mtazungumza upya.

Mpwani_Halisi

Mwalimu, nimerudi kuomba radhi. Nilizungumza haraka. Nimesoma uzi wote. Lakini nakuuliza kama ndugu: kidini umeuliza? Kukata kiungo kizima?

BintiMkomani

Nimekusamehe kaka, wala sikuwa na kinyongo.

Ndiyo, nimeuliza. Nilikwenda kwa shehe wetu wa mtaani pamoja na mume wangu. Aliniuliza kwanza: ni kwa urembo au ni kwa maradhi? Nikamweleza kisukari, pumzi ya usiku, sala ya kitini. Akasema tumeamrishwa kujitibu, na kama waganga waaminifu wanaona faida inazidi madhara basi hakuna kizuizi. Akaniambia pia mfungo wa kwanza baada ya upasuaji nimsikilize daktari, maana mgonjwa ana ruhusa yake na atalipa siku zake.

UmmuPacha

Kweli kabisa. Mimi mfungo wa kwanza nilikatazwa, kwa sababu maji unakunywa funda moja moja kutwa nzima ili utimize kipimo. Ukifunga utakauka.

Na wadogo zangu mnaosoma kimya: baada ya upasuaji uzazi hurudi kwa nguvu, lakini mimba isubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Na vidonge vya uzazi wa mpango msivitegemee, hasa baada ya baipasi. Nina jirani alishtukia miezi 4.

BintiMkomani

Leo ni wiki ya 5 tangu nifungue uzi huu. Nimeona niwape habari, maana mmenibeba.

Siku za kwanza bila diklofenaki nililala na mto kati ya magoti nikiuma kanga. Wiki ya tatu maumivu yakapoa kidogo. Hayajaisha. Natembea kutoka nyumbani hadi daka la pili sasa, la kwanza nalipita, na yule mama wa maji ananisindikiza kwa macho. Nimepata mashine ya kupumulia usiku ya kuazima, daktari alisema bila hiyo hanigusi, dawa ya usingizi ni hatari kwa mtu ambaye pumzi inakatika. Binti yangu amerudisha godoro lake chumbani kwake. Alilala usiku mzima kwa mara ya kwanza na asubuhi akanipikia chai.

Nimeamua. Baipasi, Nairobi, likizo ya Agosti. Kaka Kaskazi, swali lako ndilo lililoamua mambo mengi kuliko takwimu. Siku ya 9 nitakuwa kwa mama mdogo, Pangani, gari dakika chache kutoka hospitali. Siku ya 20 nitakuwa hapo hapo. Nimeomba likizo isiyo na mshahara muhula wa tatu, na sirudi Lamu mpaka wiki ya 6 ipite. Nikirudi ni kwa ndege hadi Manda, nimeshaanza kuweka pesa ya tikiti kando, hizo haziguswi. Daktari ameniandikia karatasi moja: nimefanyiwa nini, dalili za hatari, namba yake mwenyewe ya simu. Nakala moja nitampa mume wangu, moja itabandikwa mlangoni, moja nitaipeleka hospitali yetu hapa kisiwani kabla sijaondoka ili waijue sura yangu na karatasi yangu.

Hofu ninayo. Wawili kati ya elfu ni watu, wana majina, na mmoja alikuwa shemeji ya mtu humu ndani. Nimeandika wasia, nimemwonyesha mume wangu ulipo.

Jana usiku nilikaa na mama barazani nikamweleza habari ya grelini kama alivyoeleza muuguzi, kwamba mwili wangu unadhani kuna njaa wakati hakuna. Alisikiliza hadi mwisho akitoa mawe kwenye mchele. Nikamwambia, mama, kosa la tumbo langu ni hilo. Hakujibu. Akamaliza ungo mzima, akaupepeta, akauweka chini.

Kisha akaniuliza, "Huko kwa mdogo wangu, choo ki juu au ki chini? Maana mimi ngazi nyingi siziwezi, na wewe wiki sita utakuwa na nani?"